Taa Niliyoizima Kwenye Gari la Baba Mkwe

Mpaka leo nikipanda gari nikaona taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, natulia. Abiria wenzangu huanza kunung'unika kwamba gari ni bovu na dereva hajali, mimi najifunga mkanda na kukaa kimya. Gari linalonitisha ni lile lisilowasha kitu chochote.

Nimeolewa Bariadi, mtaa wa Somanda, na kazi yangu ni kutengeneza vitu vya umeme. Nina kibanda upande wa hospitali, pale bodaboda wanaposubiri watu wanaotoka kuona wagonjwa. Watu wananiletea redio, simu, chaja za sola na mashine za kunyolea. Nilisomea chuo cha ufundi Mwanza, na tangu nimalize nina ugonjwa mmoja ambao mume wangu anaufahamu vizuri: sivumilii fundi anayebahatisha. Fundi akisema "tubadilishe hiki halafu tuone," naondoka kabla sijamtukana. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa na mdomo mkubwa.

Tunaishi kwa wakwe zangu. Mume wangu ni mwalimu, alipangiwa shule ya mbali huko Meatu na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi ndani ya ua wetu wa minyaa tulikuwa watu wanne: baba mkwe, mama mkwe, binti yangu aliyekuwa na miaka minne, na mimi. Baba mkwe ni mtu wa desturi. Kwetu Wasukuma ukwe una mipaka yake, na ingawa nyumba nyingi za mjini zimeilegeza, ya kwake haikulegea hata kidogo. Asubuhi napiga goti kwa mbali, nasema "Mwangaluka, baba," naye anaitikia, basi. Hatushikani mikono wala hatuli pamoja. Akitaka kupita upande wa jikoni hukohoa kwanza ili nijisogeze. Jambo lolote zaidi ya salamu hupitia kwa mama mkwe: anamwambia mama, mama ananiambia mimi, na jibu langu linarudi kwa njia hiyo hiyo, hata kama wote watatu tumo uani na kila mmoja amesikia. Nilipoolewa nilikuwa nacheka moyoni. Baadaye niliipenda desturi ile, kwa sababu mkwe asiyekusemesha hawezi kukugombeza.

Alikuwa na gari la Kijapani la viti saba, alilolinunua alipoacha biashara ya pamba. Alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Aliliendesha taratibu, na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: ukiwasha gari, taa zote za dashibodi zinawaka, kisha zinazimika moja baada ya nyingine; ikibaki hata moja, hakuna safari. Siku moja, mwishoni mwa mvua, ikabaki moja. Ilikuwa ile yenye mchoro wa mtu aliyekaa na mpira mbele ya kifua, taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Gari likalala uani wiki mbili.

Fundi wa kwanza alisema kuna waya umekatika ndani ya usukani na kipuri chake hakipatikani Bariadi. Wa pili alitaka kubandika tepu nyeusi juu ya taa, kama wanavyofanyiwa wengi hapa mjini. Baba mkwe akakataa. Alisema taa iliyofunikwa bado inawaka. Mimi nilikuwa jikoni nasikia, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu wa aina yangu.

Kesho yake mama mkwe akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunisaidia kuchambua mchicha. Nilijua katumwa.

"Baba yako anauliza," alisema, "kama wewe na hizo kompyuta zako unaweza kuiondoa ile taa. Isiwake kabisa. Siyo kuifunika."

"Mwambie kinachotakiwa ni kutengeneza usukani."

"Nimeshamwambia. Anasema usukani utasubiri kipuri, ila mgonjwa hasubiri." Dada yake mama mkwe alikuwa anaumwa huko Mkula, na walikuwa hawajaenda kumwona. "Unamjua baba yako. Taa ile ikiwaka haondoki."

Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa sababu nampenda mama yule, na kwa sababu nilitaka mzee ajue kwamba mkamwana wake si fundi wa tepu.

Gari la siku hizi lina kompyuta ndogo nyingi ndani yake. Injini ina yake, breki zina yake, milango ina yake, na zote zinaongea kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Jumbe hupita humo kwa mamia kila sekunde. Kila ujumbe una namba inayoutambulisha, halafu una vyumba vinane, na ndani ya kila chumba mna swichi nane, ambazo kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Hakuna neno hata moja. Aliyelitengeneza gari anajua swichi ipi ina maana gani, na hakukuandikia popote. Ukitaka kufumbua, unakaa na kutazama: unafanya kitu kimoja kwenye gari, unaangalia ni swichi ipi imebadilika, unaandika kwenye daftari, unafanya kingine.

Nilikuwa na maikrokontrola, bodi ndogo ya kompyuta inayoenea kiganjani, niliyokuwa nimeiondoa kwenye mashine mbovu ya kutotolea vifaranga. Nikaiunganisha na zile waya mbili, nikaiunganisha na laptopu yangu, nikakaa kiti cha abiria. Nilihitaji mtu wa kukaa nyuma ya usukani. Baba mkwe asingeweza kukaa na mimi ndani ya gari, kwa hiyo akaja mama mkwe, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukalia kiti kile. Baba mkwe alijiwekea kiti barazani, akatupa mgongo, akawa anasikiliza kila neno.

"Kanyaga breki, mama."

"Ipi?"

"Ile pana."

Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Namba zikabadilika kwenye skrini yangu.

"Linasemaje?" aliuliza.

"Linasema umekanyaga breki."

"Kwa Kisukuma?"

"Kwa namba, mama."

"Basi na mimi nalijibu kwa kelele," alisema, akapiga honi bila kuambiwa. Barazani mzee alishtuka, sisi tukacheka mpaka mtoto akaja kuuliza tunacheka nini. Zilikuwa siku nzuri zile. Tulifungua milango na kuifunga, tuliwasha taa na kuzizima, tulisogeza gari hatua mbili mbele na kulirudisha. Kila jioni daftari langu lilikuwa limeongezeka ukurasa.

Siku ya nne niliipata. Kulikuwa na ujumbe mmoja unaokwenda kwenye dashibodi, na katika chumba chake cha tatu swichi moja ilikuwa imewashwa muda wote, toka gari linapoamka mpaka linapozimwa. Nyingine saba za chumba kile zilikuwa zimelala. Nikaitenga dashibodi, nikaitumia ujumbe ule ule kutoka kwenye bodi yangu, swichi ile ikiwa imezimwa. Taa ikazimika. Niliruka ndani ya gari nikagonga kichwa.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye daftari, ukurasa wa siku ya kwanza. Mle mle kwenye chumba cha tatu, swichi ya pili iliwahi kuwaka kwa sekunde chache, kisha ikalala. Ilikuwa wakati mama mkwe anashuka, amejishikiza mahali ili ainuke. Niliweka alama ya kuuliza pembeni. Sikumuuliza alishika nini.

Alishika hendibreki. Na hapa lazima nieleze jambo letu. Sisi huku hendibreki hatuivuti. Waya wake huingia vumbi na kutu, ukiuvuta siku moja unaganda, gari linabaki limejishika barabarani mpaka fundi aje. Kwa hiyo kila dereva ana jiwe lake. Akiegesha, anashuka na kuliweka nyuma ya tairi, akiondoka analirudisha kwenye buti. La baba mkwe lilikuwa jiwe jeusi zuri, lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Katika siku nne zile nilijaribu kila kitufe na kila mkono ndani ya gari, hata kile cha kurushia maji kwenye kioo, lakini hendibreki haikunijia kichwani kabisa, kwa sababu kwetu haimo katika mambo ya kuendesha. Na kwenye magari mengi taa ya hendibreki ndiyo hiyo hiyo inayowaka mafuta ya breki yakipungua. Hilo nililisoma chuoni. Nililijua kwa namna mtu anavyojua jambo la kujibia mtihani.

Nikakata zile waya mbili kabla hazijafika kwenye dashibodi, nikaiweka bodi yangu katikati, ikawa kila ujumbe unaingia kwangu kwanza ndipo uendelee. Programu ilitakiwa izime swichi moja tu, ile ya eabegi. Kuandika hivyo sawasawa kulihitaji mistari michache zaidi, mawingu yalikuwa yametanda, nguo zilikuwa kambani. Nikaandika mstari mmoja unaofuta chumba chote cha tatu. Swichi nyingine si zimelala tu, nilijiambia. Nitarekebisha Jumapili.

Nikaizungushia bodi tepu nyeusi na kuificha chini ya usukani. Mama mkwe aliitazama kwa wasiwasi.

"Mtu akiliona hilo atasema ni dawa."

"Mwambie ni dawa ya taa," nilisema.

Baba mkwe akawasha gari. Taa zikawaka, zikazimika zote. Akazima, akawasha tena, akafanya hivyo mara tatu. Kisha akashuka na kuzungumza na mama mkwe pembeni, naye akaja kwangu anatabasamu. "Baba anasema wabeja gete." Tangu niolewe hakuwahi kunitumia shukrani. Nilitembea wiki ile yote nimevimba kichwa, na Jumapili ilipofika nikaenda kutembelea rafiki yangu.

Waliondoka siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Wangepitia Kasoli kuchukua kuku wa kumpelekea mgonjwa, kisha waende Mkula. Mimi nilikuwa na kazi za watu kibandani, nikabaki, lakini binti yangu alikuwa amelilia safari tangu juzi yake. Nilimfunga mkanda mwenyewe kwenye kiti cha katikati. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

Walipotoka nikachukua ufagio nifagie pale gari linapolala. Karibu na mahali pa tairi la nyuma kulikuwa na doa lililolowa, pana kama sinia. Nilidhani ni maji. Nikagusa. Yalikuwa yanateleza, na si mazito kama mafuta ya injini. Nikanusa vidole. Nilikuwa nimeyafahamu kabla hata sijanusa.

Wazo la kwanza lilinipa nafuu. Mafuta ya breki yakivuja kiasi hiki taa inawaka, na baba mkwe taa ikiwaka haondoki. Kwa hiyo haikuwaka, kwa hiyo hayajapungua sana. Nilisimama na ufagio mkononi nikiwa nimeridhika kabisa, kisha nikakumbuka ule mstari unaofuta chumba chote cha tatu. Nikakimbia ndani, nikafungua daftari ukurasa wa siku ya kwanza. Chumba cha tatu, swichi ya pili, alama ya kuuliza. Nilimwona mama mkwe anashuka garini siku ile, mkono wake wa kushoto uko wapi. Ulikuwa kwenye hendibreki.

Nilijua kila kitu wakati ule. Nilijua gari halina breki za kuaminika, nilijua kwa nini hawajui, nilijua nani yumo. Na nilichofanya kwanza ni hiki. Nilikwenda jikoni, nikachota majivu kwenye ungo, nikayamwaga juu ya lile doa, nikayasawazisha kwa mguu. Nikarudi kuchota mengine kwa sababu lilikuwa bado linaonekana. Nilijiambia nasafisha uwanja. Nilikuwa naogopa, lakini kwa dakika zile niliogopa kuonekana. Niliona mafundi wa mjini wanacheka, nikaona uso wa mume wangu. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilisawazisha mpaka pakawa pakavu.

Ndipo nikaona pale kwenye mchanga alama za viatu vidogo, zinaelekea mahali mlango wa gari ulipokuwa. Nikaacha ungo.

Nilimpigia mama mkwe. Simu ikaita chumbani kwake, juu ya kitanda. Nilimpigia mume wangu, hapatikani. Akabaki mmoja tu, na namba yake sikuwa nayo, maana sikuwahi kuihitaji. Nikaichukua simu ya mama mkwe, nikaitafuta humo, nikaikuta, nikaitazama. Katika nyumba kama yetu mkamwana hampigii baba mkwe simu. Kukiwa na jambo hutafutwa shemeji, jirani, mtu yeyote. Akipiga mwenyewe, maana yake hakuna tena mtu wa kumtuma.

Iliita mpaka ikakata. Mzee hapokei simu akiwa anaendesha. Nikapiga tena, ikakata. Mara ya tatu akapokea.

"Nani amefariki?" alisema.

Hakuuliza nani anapiga. Simu ni ya mkewe na mkewe kakaa kando yake, kwa hiyo alijua ni mimi.

"Hakuna, baba. Mko wapi?"

"Nani amefariki?" Nyuma yake nikamsikia mama mkwe ameshaanza kulia, anaita jina la mume wangu.

"Hakuna aliyefariki. Baba, ni breki. Mafuta ya breki yamemwagika hapa nyumbani."

"Taa haijawaka," alisema. Alisema kwa utulivu, kama anayenirekebisha.

"Haiwezi kuwaka, baba. Nimeizima mimi. Ile bodi yangu imeizima na hiyo. Toa mguu kwenye mafuta, usiongeze mwendo."

Nilisikia injini na upepo wa dirishani.

"Pedali imeshuka," alisema. "Toka Kasoli imekuwa laini. Nilidhani ni hivi viatu."

"Weka gia ya L, ile ya mwendo mdogo. Usizime gari, usukani utakuwa mzito. Acha lipungue lenyewe."

"Kuna ng'ombe," alisema, lakini hakuwa anasema na mimi. Simu ikaanguka. Nikasikia honi ndefu, nikamsikia mama mkwe, kisha nikasikia sauti ya mwanangu inauliza kitu, inauliza tu, bila woga, na sikushika ni nini. Halafu vitu vikawa vinapiga bati mfululizo, na simu ikakata.

Nilipiga tena na tena. Haipatikani. Sijui nilitokaje nyumbani. Nakumbuka niko juu ya pikipiki ya kijana mmoja wa kijiweni petu, nimeng'ang'ania shati lake, ananiuliza "mama, kuna nini?" na mimi nasema tu barabara ya Kasoli, barabara ya Kasoli. Ulikuwa wakati pamba inapasuka, mashamba yameanza kuwa meupe pande zote mbili. Kila kundi la watu nililoliona mbele nilijua ni wao. Lilikuwa kundi la wanawake wenye ndoo, tukapita. Lilikuwa kundi la wanunuzi wa pamba na mizani yao, tukapita. Kila tulipopita nilipata nafuu, na nafuu ile ikawa mbaya kuliko woga, kwa sababu ilimaanisha bado niko njiani. Tulifika Kasoli, tukapita Kasoli. Nilikuwa najaribu kuomba na maneno hayaji. Kilichokuja ni hesabu tu: ungo wa kwanza wa majivu, ungo wa pili, kusawazisha. Nilikuwa nahesabu gari lingekuwa wapi wakati wa ungo wa kwanza. Lingekuwa bado halijafika Kasoli.

Kisha nikaona ng'ombe, wengi, wamesimama ovyo barabarani, na watu wamejaa ukingoni. Gari lilikuwa ndani ya shamba la pamba, hatua kama hamsini, pua yake imezama kwenye kichuguu. Limejipasulia njia katikati ya mistari. Kuku wawili wa Kasoli walikuwa wanazunguka humo wamefungwa miguu.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kanga ya mama mmoja asiyemjua, anakula kiazi kitamu. Nilimshika kichwa, nikamshika mikono, nikamvua viatu nikahesabu vidole. Alinitazama akasema babu amelima na gari. Nililia kwa sauti mpaka yeye naye akaanza kulia, kwa kunihurumia.

Mama mkwe alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Hata hivyo alinishika kwa mkono mzima, akawageukia watu.

"Huyu ndiye aliyetupigia," aliwaambia. "Mkamwana wangu. Asingepiga, tungewakuta hawa ng'ombe kwa mwendo ule ule. Tungekuwa tumekwisha."

Wanawake wakanijia. "Wabeja, mayu," wakaniambia, mmoja baada ya mwingine. Wachungaji wakanishukuru kwa ajili ya mifugo yao. Mzee mmoja alisema watoto wa siku hizi wakisoma wanasaidia. Nilitaka ardhi inimeze. Baba mkwe alikuwa amesimama karibu na kichuguu, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinitazama mara moja, kisha akageuka kuwasaidia watu kuwakamata kuku.

Siku mbili hakuna kilichosemwa. Gari lilivutwa kurudi, mafundi wakabadilisha mpira uliokuwa umechakaa kwenye breki ya nyuma, na mimi nikaitoa bodi yangu na kuunganisha waya kama zilivyokuwa. Siku ya tatu, alasiri, mama mkwe alipokwenda hospitali kufunguliwa bandeji, nikasikia kikohozi. Nikajisogeza ili apite. Hakupita. Aliingia jikoni, akavuta kigoda cha mkewe, akakaa. Nilipiga goti mahali nilipokuwa, nikabaki hivyo.

"Kile kidude kilizima taa mbili," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kutojua."

"Kwa uvivu, baba. Nilikuwa nimeona alama, sikuifuatilia."

Akatikisa kichwa kukubali. "Mtu hukosea. Hata mimi pedali niliisikia imelegea nikasingizia viatu." Nilifikiri ameshamaliza. Nilianza hata kupumua. "Pale gari linapolala pana majivu," alisema. "Nani aliyamwaga?"

"Mimi."

"Kabla ya kupiga simu, au baada?"

Alikuwa anaangalia mafiga, haniangalii mimi. Hapakuwa na shahidi. Ningesema baada, angenyanyuka na kwenda zake, na ningebaki yule mkamwana aliyewaokoa. Nilitaka sana kusema baada. Lakini alikuwa ameniamini mara moja, akaondoka na dashibodi isiyo na taa, na mwanangu nyuma yake.

"Kabla," nilisema.

Uji ulichemka, ukamwagikia mafiga, hakuna aliyeushughulikia.

"Mtoto wako alikuwa ndani," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akainuka, akakirudisha kigoda mahali pake, akatoka.

Hajamwambia mtu. Mume wangu hajui, mama mkwe hajui; anadhani nimekuwa mnyonge kwa aibu ya kuongea na mkwe kwenye simu, na hunitania. Gari linatembea, taa ya eabegi inawaka na mzee anaendesha nayo. Asubuhi napiga goti kwa mbali, nasema "Mwangaluka, baba," naye anaitikia, basi. Lakini hanitumii tena neno lolote kwa mama mkwe, si ombi wala shukrani, na mtoto akitaka kupanda gari lake humwambia akamwulize kwanza bibi, si mimi. Akikohoa nasogea haraka kuliko zamani, nikiogopa kwamba leo atakaa tena kwenye kile kigoda. Majirani wanaona. Wananisifu kwa mama mkwe, wanamwambia wakamwana wenye heshima kwa mkwe kama huyu wako hawapo tena.